Baba akiwa mshitakiwa, nani atampeleka mtoto mahakamani?

(Haya ni maneno kamili ya mazungumzo yetu ya redioni ya juma lililopita, ambayo wasikilizaji wengi wameomba yachapishwe.)

Juma lililopita niliahidi kuzungumzia bei ya kahawa, na najua wapo watu Muleba na Bukoba vijijini ambao wamekaa mkao wa kuisubiri. Naomba radhi. Kahawa tutairudia. Leo nina deni langu mwenyewe, la miaka 10 hivi, na juma hili aliyenidai nimekutana naye stendi ya mabasi, hapa Bukoba mjini, akanipa shikamoo.

Nianze na deni lenyewe.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, msimu wa senene. Shangazi yangu anayeishi Muleba akanipigia simu: "Njoo Jumamosi bila kukosa, kuna kikao cha ukoo, na wewe ndiye mtoto wetu unayejua mambo ya serikali." Nikaenda. Nikakuta wazee wamekaa chini ya mti uani, katikati ya kibanja, na mwanamke mmoja mzee amekaa peke yake juu ya mkeka, mgongo ameuegemeza ukutani. Pembeni yake alikuwa mtoto wa kiume wa miaka 9. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimefungwa bandeji hadi vifundoni.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Baba yake, ambaye kwangu ni ndugu, alimtuma mtoto gulioni kununua dagaa. Mtoto akarudi na dagaa pungufu, na chenji hakuwa nayo. Zilizopotea zilikuwa shilingi 2,000. Baba akavifunga viganja vya mwanawe kwa majani makavu ya migomba, akawasha kiberiti. Mama yake alikuwapo. Alipiga kelele, naye akapigwa.

Aliyempeleka mtoto zahanati ni yule mwanamke wa mkekani, bibi yake mzaa mama, aliyetembea kutoka kijiji cha pili baada ya kusikia. Zahanati wakamwelekeza achukue fomu ya polisi, PF3. Akaenda kituoni, akaandikisha maelezo, akaweka dole gumba. Baba akakamatwa siku ile ile na juma lililofuata akafikishwa mahakamani, akapewa dhamana. Mpaka hapo, ndugu msikilizaji, serikali ilifanya kazi yake, na bibi huyu asiyejua kusoma alifanya kazi ambayo wengi wetu tuliosoma tusingeifanya.

Kikao kiliitwa kwa ajili yake. Ajenda ilikuwa moja: Mama, futa kesi.

Mzee wetu alisema vizuri sana, kama wazee wa kwetu wanavyojua kusema. Alisema samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba mzazi huyu alikosea kipimo tu, nia yake ilikuwa njema. Mwaka ule sikuthubutu kumwuliza kama samaki hukunjwa kwa moto. Akasema baba huyu ana watoto 6, akienda jela nani atawalisha? Akasema kibanja ni cha ukoo, na mke ameletwa na mume, mume akiondoka mke atakaa pale kama nani? Halafu akatangaza kwamba mkosaji amekubali kutoa mbuzi mmoja na dumu la rubisi, ili yaishe.

Bibi aliuliza swali moja tu. Alisema: "Huyo mbuzi ataliwa na nani? Mwenye haki yake hana mikono ya kumshikia."

Hakuna aliyejibu. Wazee wakanigeukia mimi. Wakasema, huyu mtoto wetu ni mtu wa redio, amesomea uandishi, atuambie sheria inasemaje. Nami nilisema, nayakumbuka maneno yangu kama nilivyoyatoa, kwamba mambo ya nyumbani ni vizuri yakamalizwa nyumbani, na kwamba mahakama yenyewe hupenda watu wapatane. Baada ya hapo rubisi ilimiminwa. Nilikunywa.

Kesi haikuchukua muda kufa. Mama wa mtoto alikwenda kusema kwamba mtoto alianguka jikoni. Bibi aliitwa mara tatu, mara mbili alikwenda kwa nauli yake akakuta imeahirishwa, mara ya tatu hakuwa na nauli. Mwishowe upande wa mashitaka ukaiondoa kwa kukosa mashahidi, na ndugu yangu akarudi nyumbani.

Hilo ndilo deni langu. Sasa niwaambieni kwa nini nililolisema siku ile lilikuwa kosa, wala si kosa la moyo peke yake, lilikuwa kosa la kisheria pia.

Kwanza, hiyo habari ya kupatana. Ni kweli sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inairuhusu mahakama kusuluhisha. Lakini inaruhusu katika shambulio la kawaida na makosa mengine madogo ya binafsi, yasiyofika daraja la makosa makubwa, na pale tu ambapo hakimu ameona kwamba maslahi ya umma hayadai adhabu. Anayesuluhisha ni mahakama. Ukoo hauna mamlaka hayo, wala mwenyekiti wa kitongoji, wala mtu wa redio aliyeshika bilauri ya rubisi. Kumdhuru mtu vibaya mwilini ni kosa kubwa, kifungo chake kinafika miaka 7. Shida ni kwamba hati ya mashitaka ya ndugu yangu haikuandikwa hivyo. Iliandikwa shambulio la kudhuru mwili, ambalo ni daraja la chini. Nimeona majalada mengi ya namna hii katika miaka yangu ya kukaa kwenye mabenchi ya mahakama: tendo ni lile lile, mtoto ni yule yule, lakini kalamu inapochagua kosa jepesi, mlango wa mbuzi na rubisi unafunguka wenyewe.

Na vifungu vipo vya kutosha. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ile tunayoiita SOSPA, iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la ukatili kwa watoto, na likamlenga mtu mzima aliyekabidhiwa ulezi wa aliye chini ya miaka 18. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 wala kuzidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote. Angalia huo upana: kutoka miaka 15 gerezani hadi faini ambayo haitoshi kununua ng'ombe! Ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hiyo nayo inakataza mateso na adhabu za kikatili, na inasema hakuna adhabu ya kumrekebisha mtoto inayohalalika ikiwa imepita kiasi kwa aina yake au kipimo chake, ukitazama umri wa mtoto, mwili wake na akili yake. Lakini anayeivunja anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6.

Sasa hapo kuna jambo. Sheria hiyo haikufuta fimbo ya nyumbani. Shuleni angalau kanuni zimetaja idadi, viboko visizidi vinne, na mwalimu mkuu ndiye mwenye kauli. Nyumbani hakuna hesabu. Kipimo ni "kupita kiasi", na kiasi cha nani? Cha mzee wetu pale chini ya mti?

Utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009, na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au viboko kabla ya kufikisha miaka 18. Waliotajwa sana miongoni mwa ndugu walikuwa baba na mama. Nasema baba na mama, msidhani leo nimekuja kuwasema wanaume peke yao. Nimewahi kuripoti kesi ya mama aliyemchoma mtoto wa mumewe kwa kisu cha moto, na majirani wakasema "si wake, ndiyo maana", kana kwamba hiyo ni sababu.

Pili, na hili ndilo lililonikalia rohoni zaidi. Ndugu msikilizaji, utawasikia watu mitaani, hata wenye digrii zao, wakisema mke hawezi kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Maneno hayo yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba katika kesi nyingi mke au mume ana haki ya kukataa kuwa shahidi wa upande wa mashitaka. Lakini Sheria ya Ushahidi imeweka wazi mahali ambapo haki hiyo haipo: mshitakiwa akiwa ameshitakiwa kwa makosa dhidi ya maadili, na mshitakiwa akiwa ameshitakiwa kwa tendo lililomdhuru mwenzi wake au watoto wa mmoja wao. Watoto wa mmoja wao! Hata wa kambo wamo. Katika kesi hiyo mama anaitwa, na akiitwa lazima aje, na akija lazima aseme.

Waliotunga sheria walikuwa wamemwona yule mama wa Muleba kabla hajazaliwa. Walijua kwamba akiachiwa hiari atasema mtoto alianguka jikoni. Siwezi kumlaumu. Alikuwa amekaa kwenye kibanja cha ukoo wa mume, na watoto watano wengine ndani. Angesema kweli mchana, usiku angelala wapi? Lakini kulazimishwa kisheria kungemsaidia. Angeweza kuwaambia wakwe zake: sikupenda, serikali imenivuta. Kwetu sisi hilo ni jambo kubwa. Mtu aliyelazimishwa hasutwi kama aliyejitolea.

Wasomaji na wasikilizaji wa hapa Kagera mnaijua habari ya ardhi na wanawake. Ndiyo hapa hapa Muleba ambako Bibi Holaria Pastory, mzee asiye na wa kumtunza, aliuza mwaka 1988 shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia. Mpwa wake akamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, kwa kuwa mila ya Kihaya ilimnyima mwanamke haki ya kuuza. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akasema mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya haki zilizomo katika Katiba. Hukumu hiyo inafundishwa vyuoni mpaka nje ya nchi, na imetoka kwenye migomba yetu. Lakini niulize, wangapi kati ya wake wa pale Kashasha leo wana kibanja cha kusimama juu yake siku wakimtaja mume polisi? Ndipo utaona kwamba kesi ya mtoto aliyeunguzwa inaanzia kwenye ardhi.

Nikaja kujua na jambo la tatu, ambalo ni la mahakamani kabisa. Mtoto mwenyewe anaweza kuwa shahidi. Sheria ya Ushahidi, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamruhusu mtoto wa umri mdogo, yaani asiyezidi miaka 14, kutoa ushahidi bila kula kiapo, ila kabla hajaanza ni lazima aahidi mahakamani kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Ahadi tu. Inachukua dakika mbili.

Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilipokaa hapa hapa Bukoba ilisikiliza rufaa ya kesi ya mtoto aliyefanyiwa unyama ambao redioni hatuutaji kwa jina lake. Ikaonekana kwamba kule chini hakimu hakumtaka mtoto atoe ahadi ile. Ushahidi wa mtoto ukaonekana hauna thamani. Waheshimiwa Majaji, kwa kuwasaidia mahakimu, wakaeleza maswali mepesi ya kumwuliza mtoto: una miaka mingapi, dini yako ni ipi na je, unaelewa maana ya kiapo, na je, unaahidi kusema kweli na si uongo. Maswali matatu. Fikiria sasa mtoto aliyekusanya ujasiri wake wote, akasimama mbele ya baba yake au mjomba wake, akasema, kisha miaka ikapita na maneno yake yakafutwa kwa sababu mtu mzima mmoja alisahau kumwuliza swali la tatu.

Wenye sheria watanikumbusha, na wako sahihi, kwamba katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli tupu. Lakini kifungu hicho ni cha makosa ya kujamiiana. Mtoto aliyeunguzwa mikono kwa majani ya migomba hamo.

Na ile PF3 nayo ina visa vyake. Ikipokewa mahakamani kama kielelezo ni lazima isomwe kwa sauti, mshitakiwa aisikie, na aambiwe kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe. Isiposomwa, hufutwa kwenye rufaa. Hizi ni haki za mshitakiwa, sizidharau hata kidogo, maana kesho mshitakiwa naweza kuwa mimi. Ninachosema ni kwamba gharama ya uzembe wa wakubwa huwa inalipwa na mtoto.

Ndugu msikilizaji, huwezi kuzungumza haya mwaka wowote baada ya 2024 bila kutaja Kamachumu. Mei 30 mwaka huo, katika kijiji cha Bulamula, kata ya Kamachumu, mtoto wa kike wa miaka miwili na miezi yake, mwenye ualbino, alichukuliwa kwa nguvu nyumbani kwao usiku. Juni 17 mwili wake ulipatikana, ukiwa umekatwa viungo. Jina lake lilichapishwa kila mahali. Mimi sitalitaja, tumelitumia vya kutosha. Juni 28 watu tisa walifikishwa mbele ya Mahakama ya Hakimu Mkazi hapa Bukoba wakikabiliwa na shitaka la mauaji, na mmoja wao alikuwa baba yake mzazi. Kushitakiwa si kutiwa hatiani, na kazi ya kumwona mtu ana hatia ni ya mahakama, si ya redio wala ya vijiwe vya kahawa. Lakini nakumbuka mji ulivyopigwa na butwaa. Watu walikuwa wamejiandaa kuambiwa ni wageni, ni watu kutoka mbali. Polisi walipotangaza kwamba baba ni miongoni mwa waliokamatwa, dereva wa bodaboda niliyekuwa nimempanda alisimamisha pikipiki katikati ya barabara ya Kashozi akaniuliza, "Mzee, wamesema baba yake?"

Kwa nini butwaa? Kwa sababu hesabu yetu yote ya ulinzi wa mtoto inaanza na mzazi. Mtoto akiumizwa na mwalimu, mzazi anakwenda polisi. Tuliliona hilo: Agosti 2018 mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, hapa mjini, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na kufika Machi 2019 Mahakama Kuu Bukoba ilikwishatoa hukumu. Yaliyofuata katika rufaa si mada ya leo. Nasema tu kwamba ilikuwa miezi saba. Kulikuwa na familia nyuma ya mtoto. Sasa anayeumiza akiwa ndiye familia, ile hesabu inakosa namba ya kwanza. Kesi ya Kamachumu ilikuwa ya mauaji, nchi nzima iliitazama, Waziri Mkuu aliizungumzia Bungeni. Viganja viwili vilivyoungua havina Waziri Mkuu.

Kisheria jibu lipo. Mlalamikaji katika jinai ni Jamhuri, si mzazi. Na Sheria ya Mtoto inasema ni wajibu wa mtu yeyote katika jamii aliye na habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Haikusema ndugu. Haikusema mwenye ushahidi kamili. Jirani, mwalimu wa chekechea, muuza genge, mhudumu wa zahanati. Ofisa mtendaji wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii wanapaswa kuipokea, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na simu namba 116 hupigwa bure kutoka mtandao wowote. Tangu mwaka 2017 tunayo pia Sheria ya Msaada wa Kisheria iliyowatambua wasaidizi wa kisheria wa vijijini, na hapa Kagera shirika la MHOLA limekuwa likiwasimamia wanawake na watoto wasio na fedha ya wakili.

Lakini nisijifanye sijui nchi ninayoishi. Kutoka Muleba mjini hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 60, na huyo ni mtu wa barabarani. Mtoto wa kisiwani Goziba anapanda boti kwanza, na kwenye boti huenda akakaa benchi moja na baba yake mshitakiwa aliye nje kwa dhamana, wote wakienda kusikiliza kesi ile ile. Na swali ambalo bibi wa Muleba hakuulizwa na mtu: usiku ule baba alipopewa dhamana, mtoto alilala wapi? Ningekuwa mimi ndiye mtunga sheria, swali hilo ningelifanya la kwanza kabla ya hati ya mashitaka. Sheria inaruhusu mtoto ahamishiwe kwa mtu anayefaa. Mtu huyo katika kesi yetu alikuwapo, amekaa juu ya mkeka, nasi tulimwita ili tumnyamazishe.

Wako wanaosema dawa ni kuongeza adhabu. Mimi sina hakika. Tangu SOSPA, baba anayemwingilia binti yake wa chini ya miaka 18 anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30. Ni adhabu nzito na inastahili. Lakini nimewasikia akina mama wakisema wazi, kama ingekuwa miaka mitano ningesema, miaka 30 ni kumzika. Adhabu inapokuwa nzito na tumbo la watoto linamtegemea mhalifu, mdomo wa mama unafungwa na pande zote mbili. Anayetaka kesi hizi zifike mwisho aulize kwanza unga wa nyumba hiyo utatoka wapi mwezi ambao baba yuko rumande. Sijaona bajeti ya halmashauri yenye mstari wa jambo hilo. Kama ipo, mkurugenzi yeyote anikosoe, nitamsoma hewani juma lijalo kwa furaha.

Narudi stendi.

Kijana aliyenipa shikamoo ana miaka 19 sasa. Anapakia mizigo kwenye mabasi. Kidole cha mwisho na cha pete mkono wa kushoto havinyooki, kwa hiyo mizigo anaibeba kwa kuikumbatia. Alinitambua kwa sauti. Alisema, "Mjomba, nakusikiaga redioni." Nikamwuliza habari za bibi, akasema yupo, macho tu.

Jumapili nikaenda Muleba. Bibi hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alinyoosha mkono chini ya kitanda akatoa kopo la maziwa ya unga, na ndani yake daftari la zahanati la mwaka ule na karatasi ya wito wa shahidi, ile ya mara ya tatu, siku aliyokosa nauli. Akaniuliza, "Hii bado inafanya kazi?"

Nilimwambia nitauliza. Nimeuliza kwa wakili, na jibu nililopewa ni hili: kesi iliyoondolewa kabla mshitakiwa hajaitwa kujitetea haimaanishi kwamba ameshinda. Inaweza kufunguliwa upya, na makosa ya namna ile hayafutwi na miaka kupita. Mashahidi wakiwapo. Mama yake bado yupo, na safari hii sheria haimpi hiari. Mimi pia nipo, na nimemwambia kijana kwamba nikiitwa nitakwenda, nitasema nilichokiona uani siku ile na nilichokisema.

Kijana amesikiliza yote. Amesema baba yake sasa mgonjwa, na yeye ndiye anayemnunulia dawa. Ameomba nimwache afikiri hadi mavuno ya kahawa yaishe.